Msalaba Mbele ya Mama Ekai

Isiolo, Ijumaa Kuu

Kaka Mutua, hamjambo huko nyumbani? Mimi ni mzima.

Mama Ekai, mwenyeji wangu hapa, ana malaria kali. Alipewa dawa hospitalini lakini homa ikakataa kushuka. Leo mchana Padre alikuja kumpaka mafuta ya wagonjwa, akamshikia msalaba mbele ya macho.

Jana kanisani Padre alituhadithia juu ya mwanamke wa Uingereza ya kale, aliyeonyeshwa msalaba hivyo hivyo akikaribia kufa, akaona damu ya Yesu ikitiririka chini ya taji la miiba. Mama Ekai hakuisikia hadithi hiyo. Alikuwa kitandani.

Ghafla akasema, "Anatoka damu. Mfuteni uso."

Mimi niliona msalaba wa mti mkavu tu. Mume wake akaruka. "Padre, toa hiyo kitu! Inamwita!"

Mama Ekai akamshika Padre mkono. "Wacha. Ananiangalia."

Upepo ulikuwa unagonga mabati, nasi tunatazama kifua chake kama kitapanda tena. Kilipanda. Baada ya muda mrefu jasho likamtoka, homa ikashuka, akaomba maji.

Nikamuuliza ameona nini. Akakisogeza kikombe kando kwanza.

"Yule msalabani alikuwa na kiu kuliko mimi," akasema.

Mume wake akatoka nje kulia.

Mkumbatie Mama sana kwa ajili yangu, na Mungu awafunike nyote.

Dada yako,
Mwende