Sauti ya Katikati

Pipeline, Embakasi,
Nairobi.
15 Septemba 2025

Mpendwa dada Muthoki,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko Doha, joto limepungua? Na mgongo je? Sisi ni wazima, ila maji bado tunayapandisha kwa mitungi. Unga wa wimbi uliotaka anakuletea Mativo pamoja na barua hii.

Najua Bedan atakupigia simu kunisema, ndiyo maana nakuwahi. Unaikumbuka trio yetu ya kanisani: Carolyne sauti ya juu, Bedan ya chini, nami katikati, pale ulipokuwa wewe kabla hujasafiri. Nilipokwenda Makueni kumzika mama, hao wawili waliingia studio wakarekodi wimbo alioutunga mama mwenyewe. Nilipouliza mbona hawakuningoja, Bedan alinijibu, "Koki, hiyo sauti ya katikati hata haisikiki. Tuliziba na kinanda." Matanga hayajaisha, dada! Niliumia, na sikusahau.

Basi likaja tamasha la makanisa. Kinanda hakiruhusiwi, na kwenye trio lazima wawe waimbaji watatu. Bedan akaja mwenyewe mlangoni, mpole ajabu. "Kuja tu usimame na sisi, tuonekane watatu." Nikakubali, nikakipiga kitenge pasi.

Jana nikasimama katikati yao, nikafungua mdomo, na sikutoa sauti hata kidogo. Wimbo wa mama ukabaki juu na chini tu, kati hamna kitu. Carolyne akayumba, akaanza kumfuata Bedan, na Bedan jasho likamtoka. Nilifurahi, sikufichi. Mwamuzi akasema mbele ya watu wote, "Nimeona watatu, nimesikia wawili. Hiyo si trio." Wakaondolewa mashindanoni.

Carolyne analia kwamba nimeaibisha kanisa. Mimi si niliambiwa nisimame? Nilisimama.

Sasa Bedan anataka turekodi upya wimbo wa mama, safari hii na sauti yangu. Nimemwambia kwanza asimame peke yake mbele ya kanisa, aimbe ile sauti isiyosikika mwanzo hadi mwisho, nami nimekaa kiti cha mbele.

Nisalimie shemeji Kivuva na wanao. Kavindu na Mirriam wanakusalimu sana. Bedan naye alituma salamu, lakini sikuzibeba.

Mungu akulinde kazini na akurudishe nyumbani na sauti yako ileile. Wimbo wa mama bado haujaimbwa.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Koki