Ng'ombe Wako wa Dar es Salaam

Mpendwa mwanangu Aikande,

Huku Sekei tu wazima, mvua imeshuka vizuri. Ule mkungu wa ndizi uliosema nikuwekee umeiva, nimeula. Usinikasirikie.

Nakuandikia kwa ajili ya lile swali la Krismasi. Ulisema bosi wako amekubali uhamie nyumbani, ufanyie kazi huku, ukaniuliza kama nami nakubali. Nikageuza maneno. Niliogopa, mama. Kompyuta za watu ziko Dar es Salaam, mlinzi wake yuko Sekei? Nilijua watakufukuza.

Unakumbuka ile asubuhi barazani? Mimi namenya ndizi, wewe na kikompyuta chako mapajani. Ukasema seva moja, kompyuta kubwa ya kazini kule Dar es Salaam, inachemka, feni imekufa, lazima izimwe. Nikaacha kisu.

"Haya, wahi basi ukaitengeneze!"

Ukacheka. "Mama, seva moja inabeba kompyuta nyingi zisizo na mwili. Nazihamishia seva nyingine, hata wanaozitumia hawatajua."

"Utahamishaje kitu bila kwenda kukishika?"

"Kwani baba alikuwa anakwenda?"

Hapo ulinipata. Marehemu baba yako hakulaza ng'ombe wake zizi moja. Mmoja aliwekesha kwa shangazi yako, mwingine Ngaramtoni, mwingine kule juu njia ya Momela. Majani yakikauka upande mmoja, alituma neno tu, ng'ombe akahamishwa, naye yuko shambani analima. Watu walimtania, "Mzee Zizi Tupu!" Ugonjwa wa mifugo ulipopita hapa mtaani, ng'ombe wao wakafa, wetu wa mbali wakapona, na wao wao wakaja kwetu na vibuyu kuomba maziwa tuliyoletewa. Na wewe, mdogo vile, ulijua kila ng'ombe yuko kwa nani.

Ndizi zilikuwa hazijaiva chunguni ulipofunga kikompyuta. "Tayari mama." Mimi bado nikawa nasubiri simu ya kukugombeza. Ilipolia nikashika kifua. Kumbe bosi anakutakia heri ya Krismasi! Hata habari za seva hakuzigusa. Ulinicheka mpaka ukapaliwa na chai, na mimi mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Basi jibu langu ni hili. Magunia ya mahindi nimeyatoa kwenye chumba cha dirisha linalotazama mlima, na fundi ameweka soketi mbili. Njoo, mwanangu.

Ila kila asubuhi, kabla hujawaamsha wale ng'ombe wako wasio na mwili, utanikatia majani. Wangu wa hapa zizini ana mwili, na anakula kweli kweli.

Ninayekungoja mlangoni,
Mama yako