Pete Kwenye Picha ya Harusi

Dada Akello mpenzi,

Ndoa ni tamu, jamani! Obiero wangu hunipikia chai kila asubuhi. Ananipenda hata akienda hotelini kwake Kamakis hufunga mlango kwa nje na kubeba simu yangu. Huniachia kompyuta tu, nimtengenezee tovuti ya hoteli. Picha yetu ya harusi ameitaka juu kabisa.

Jioni hubonyeza kila neno la buluu aone linaelekea wapi. Picha haigusi, hajui nayo hubeba kiungo. Ndiyo maana juzi kwa simu, yeye akisikiliza, nilikusihi uitazame vizuri pete yangu kwenye tovuti. Umeibonyeza, umefika kwenye ukurasa huu.

Bado nampenda, dada. Njoo kwetu Ngoingwa mchana, uje na fundi wa kufuli.

Mdogo wako,
Benta