Koili ya Silinda ya Tatu

Alhamisi, 9 Machi

Mwanangu Nhyira kajimwagia poda! Sasa hivi — nimegeuka tu kukunja nguo zake, kopo liko kichwani. Kope nyeupe, anacheka kama aliyefuzu ni yeye. Nikashindwa kumgombeza.

Poda ile nimejiwekea mwenyewe. Hapa Suame Magazine, mtaa wa magereji, mwanagenzi akifuzu humwagiwa poda mbele ya gereji zote. Miaka mitatu naingoja. Leo Masta Baffour kasema gari la kesho ni langu peke yangu. Likirudi zima Jumamosi, nimefuzu. Likirudi linakohoa, mwaka mwingine.

Mwaka mwingine! Poda yenyewe imebaki robo.

Ijumaa, 10 Machi

Gari la Madam Afriyie, muuza viazi vikuu. Linamisi, silinda moja haishiki moto, linatetemeka kama lina homa. Kaleta koili nne za mtumba, zile za kupeleka umeme kwenye plagi, ndani ya mfuko wa mkate, anataka zote zifungwe. Kuniona na mtoto mgongoni, akamwuliza Masta kama leo wanaume hawapo. Masta akamjibu wapo, wamekaa pale.

Opoku, tuliyeanza naye kazi, akanipa ushauri bila kuombwa. Niwashe injini, nichomoe koili moja moja, ambayo haibadilishi mlio ndiyo mbovu.

— Umeme hauli mama za watu, akasema. Wote wakacheka.

Ndivyo wanavyofanya hapa wote. Mimi pia. Mwaka jana niliunguza koili nzima hivyo hivyo, nikanyamaza. Leo nikazima kwanza. Nikabadilisha ya kwanza, nikawasha, nikasikiliza. Bado. Nikazima, nikarudisha yake. Ya pili, bado. Ya tatu — injini ikatulia kama Nhyira akishapata titi. Bolti nilianza kukaza kwa vidole, maana sikio la koili ni plastiki, ukilazimisha linapasuka.

Ya nne sikuigusa. Koili tatu nikamrudishia mwenyewe, nikamwambia za gari lake hizo nyingine bado nzima. Akanitazama kama nimemwibia. Akaondoka kwenda Techiman kufuata viazi, na koili moja niliyomfungia.

Opoku anasema ningefunga zote, nisilaumiwe. Labda. Lakini mikono yangu inajua ilichofanya.

Jumamosi, 11 Machi

Nimekaa juu ya tairi, naandika. Saa tisa na Madam hajarudi. Opoku kaniuliza kama huko Techiman kuna gari la kuvuta magari mabovu.

Linaingia! Siinui kichwa, nasikiliza. Limejaa viazi hadi juu, linapanda tuta la getini. Halikohoi. Halikohoi kabisa.

Madam kashuka, mkono kiunoni, uso umekunjamana. Anamwambia Masta kitu, sisikii. Masta kafungua boneti, kainama. Hacheki. Opoku kasimama.

Nhyira keshalifungua kopo tena, acha nimnyang'anye —

— Fundi Serwaa, njoo hapa.

Ni Masta. Tangu Nhyira azaliwe ananiita mama Nhyira, fundi hajawahi. Kopo bado analo mtoto, naenda naye hivi hivi, nikirudi nitaandika kama poda imetosha.