Hiki Kinasagwa?

Jumanne, 6 Agosti 1996
Rodi Kopany, nyumbani. Chuo kimefungwa. Tangu asubuhi nasahihisha mitihani ya wanafunzi wangu wa famasia. Swali la tatu nalipenda mno: kwa nini kidonge kinachotoa dawa polepole kisisagwe? Jibu si gumu. Ukikisaga, dawa ya kutwa nzima inamvamia mgonjwa kwa mpigo. Mmoja hakuandika hata neno. Sifuri, na "Aibu!" kwa wino mwekundu.

Mama hajambo. Anatumia vidonge vipya vya pumu nilivyomletea, aina hiyohiyo ninayoifanyia utafiti miaka yote hii. Kopo nilimpa wifi Adhiambo Sabato iliyopita, mlangoni, tukikimbilia kanisani. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, nikaenda zangu. Adhiambo ni mke wa kaka yangu Ouma, na ndiye anayemtunza Mama. Mzito wa kusema. Au mimi ndiye simpi nafasi.

Kesho Migori. Wauguzi wanataka niwaeleze utafiti wangu.

Jumatano, 7 Agosti
Hotuba ilifana. Nilichora kidonge ubaoni pamoja na ganda lake. Nikaonya kisivunjwe, kisitafunwe, kisisagwe. Wote wakaandika. Makofi. Nikajiona mtu.

Nilipofika Rodi jirani akanishika mkono. Mama amekimbizwa Homa Bay. Nikageuza njia hapohapo.

Nimemkuta wodini. Moyo unamwenda mbio, anatapika, mikono inatetemeka, hanitambui. Daktari akauliza alimezaje dawa. Adhiambo akajibu bila wasiwasi wowote: "Nilisaga nikatia kwa uji. Hawezi kumeza."

Nikalipuka. Ouma yupo, akina mama wa kanisa wapo, wodi nzima inasikia. "Nani alikuambia usage? Unataka kumuua Mama?"

Nimesema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.

Alhamisi, 8 Agosti
Alfajiri Mama alishikwa na degedege. Sasa amelala, dripu mkononi. Daktari hatoi ahadi.

Nakumbuka kijiko. Malaria ilipotushika utotoni, Mama alisaga klorokwini kwa mgongo wa kijiko, akatia sukari, akatubana pua. Nyumba ile haijawahi kumeza kidonge kizima. Vidonge vyake vya zamani vya pumu vilisagwa hivyohivyo na vikamfaa. Adhiambo alifanya kama alivyofundishwa na Mama mwenyewe. Krismasi niliona kwa macho yangu, nikacheka.

Nilijua! Watu wa Migori wasiomjua Mama niliwaonya. Aliyeshika kopo sikumwonya. Nililikumbuka hilo hata kabla sijamaliza kupiga kelele, na bado nikamaliza.

Ijumaa, 9 Agosti
Mama amefungua macho. Ameomba maji, akaniita kwa jina langu la utotoni. Nimelia kama mtoto.

Ouma amemfukuza Adhiambo. Amemrudisha kwao Karungu. Sokoni Rodi wanasema alimwekea mama mkwe sumu. Ouma akaniambia, "Dada, wewe ndiye unajua dawa. Si ulisema mwenyewe?"

Nilifungua mdomo. Nikamuuliza kama amekula. Mwoga mimi.

Sabato, 10 Agosti
Kanisani mzee ameombea "mkono uliotaka kudhuru." Watu wakaitikia Amina. Na mimi. Ilinitoka kabla sijaizuia. Baadaye wakanizunguka, pole Daktari, pole sana. Nikazipokea pole zote. Najichukia leo, sijui nijifiche wapi.

Jumapili, 11 Agosti
Nimemwambia Ouma kila kitu. Akachukua jembe akaenda shambani, na hakuna cha kulima.

Nikaenda Karungu peke yangu. Adhiambo alikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake, anageuza dagaa wa omena juani. Nikamwambia kosa ni langu. Akaendelea kugeuza. Nikasema tena. Ndipo akainua uso.

"Ulinipigia kelele watu wakiwepo. Leo unakuja kuniambia hapa, mbele ya hawa omena?"

Nikamwambia nitasimama kanisani.

"Simama kwanza."

Mama yake alinipa chai. Sikuweza kuimaliza.

Jumatano, 14 Agosti
Mama ameruhusiwa kurudi nyumbani. Anauliza Adhiambo yuko wapi. Ouma ananitazama. Mitihani iko mezani, sijaigusa. Ile "Aibu!" haifutiki.

Sabato, 17 Agosti
Nimesimama. Nimezoea kuhutubia maprofesa, lakini leo nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nikasema kwa Dholuo, ili hata bibi wa benchi la nyuma asibaki na swali. Dawa niliileta mimi. Kwamba haisagwi, nilijua. Sikumwambia Adhiambo, na Mama alipozidiwa nikamtupia yeye lawama.

Mtu akaguna kwa mshangao, "Yawa!" Hakuna aliyeitikia Amina. Mzee akatazama viatu vyake. Ouma alitoka kabla ya wimbo. Nimesikia ameelekea Karungu.

Hakuna aliyenipa pole. Afadhali.

Jumatatu, 19 Agosti
Adhiambo amerudi. Amenisalimia kwa mkono, akaingia jikoni.

Mama anatumia vidonge vya kawaida kutoka hospitalini. Jioni Adhiambo akaja na uji na kijiko. Akasimama mbele yangu, kidonge kiganjani, Mama na Ouma wakitazama.

"Hiki kinasagwa?"

Nikamwambia kinasagwa.

Hakuondoka. Alikuwa anangoja. Basi nikaeleza mpaka mwisho, kidonge hiki ni kipi, kile kilikuwa kipi, kwa nini kimoja kinasagwa na kingine hapana, na nini cha kutazama usiku. Akauliza tena, nikaeleza tena, polepole.

Akaketi, akakisaga kwa mgongo wa kijiko. Mimi nilimshikia kikombe.