Diski ya Kubebea Harusi

Sumbawanga,
4 Juni 2006

Mdogo wangu Zenon,

Hali yako na joto la huko Dar? Huku kipupwe kimeingia, nakuandikia nimejifunga kitenge juu ya sweta. Mama anakusalimu. Mguu umepoa, jana kaenda mwenyewe kuvuna ulezi, ukimzuia anakununia.

Kazi ya kupiga video za harusi imenikubali mpaka laptopu imejaa. Mwisho wa mwezi nina harusi kule Chala na hakuna pa kuiweka. Watu wananishauri nifute ile ya Cornelia wa Matai na Shigela, yule kijana wa Kisukuma. Tangu mwaka jana hawajaichukua. Shigela alitaka wakaishi bondeni Rukwa kwa baba yake, mzee Ndalahwa, kwenye ng'ombe. Cornelia akasema haachi shamba la kwao, akarudi kwa mama yake. "Futa, Bertha, ndoa yenyewe imekufa," wananiambia. Lakini kila nikitaka kufuta namwona mama yake Shigela, mama Sayi, anavyocheza huku kashika viatu mkononi, nashindwa.

Nasikia kuna diski ya nje, eksteno, unaichomeka kwenye laptopu inakuongezea nafasi. Nitafutie Kariakoo. Mimi sijui kuchagua, wewe ndiye macho yangu.

Dada yako,
Bertha


Dar es Salaam,
14 Juni 2006

Shikamoo dada,

Barua nimeipata kwa kondakta. Mimi mzima, ila nikisoma habari za ulezi mate yananijaa.

Kariakoo nimezunguka mpaka soli imelalamika. Duka la kwanza wakanipa kubwa kama tofali, ina nafasi ya harusi zote za Ufipa. Nikauliza, "Umeme ukikatika?" Muuzaji akacheka: "Basi na yenyewe inalala." Ile lazima ichomekwe ukutani. Nikaiacha. Duka la pili kuna moja haina hata jina, rahisi ajabu, wanasema inameza kila kitu. Nikaomba tuijaribu. Ilimeza kweli, ila kutapika ikakataa. Filamu tuliyoingiza haikufunguka tena.

Nimekuchukulia ndogo, inaingia mfukoni. Nafasi yake si kubwa kama ya lile tofali, lakini inakula umeme wa laptopu yenyewe, hata kwa betri. Waya wake una vichwa viwili. Laptopu yako ni ya zamani, chomeka vyote viwili ndipo ipate nguvu. Ikiwa inazunguka usiitikise. Na usifute kitu kwenye laptopu kabla hujakifungua kwenye eksteno ukakiona kinacheza.

Nimemkabidhi dereva wa basi mkononi. Harusi ya Cornelia usiifute.

Mdogo wako,
Zenon


Sumbawanga,
2 Julai 2006

Zenon mdogo wangu,

Mungu akuzidishie. Sisi wazima, mama kavuna na sasa anapepeta.

Eksteno imefika salama. Nikahamisha harusi zote, nikazifungua moja moja kama ulivyosema, ndipo nikafuta huku. Chala nimepiga video asubuhi mpaka jioni bila wasiwasi.

Sasa sikia. Juzi kaja Cornelia, kakonda. Hata chai hakuitaka. "Dada Bertha, ule mkanda wetu upo?" Nikamwambia upo. Akakaa chini pale pale sakafuni. Kumbe mama Sayi alifariki kipindi cha mvua, na wala yeye hakuambiwa, kasikia mnadani. Wale watu hawana hata picha moja ya marehemu. Nikamfungulia. Mama Sayi alipotokea na viatu vyake mkononi, Cornelia akacheka na kulia kwa pamoja. "Huyu alinipenda," akasema. "Nataka niwapelekee mwenyewe. Lakini peke yangu naogopa. Utanisindikiza?"

Nimekubali. Tutapanda gari la mnada Ijumaa.

Dada yako,
Bertha


Dar es Salaam,
10 Julai 2006

Shikamoo dada,

Mimi mzima, roho tu ndiyo iko juu. Barua hii itakukuta umesharudi au bado? Natumaini nakala nyingine umeiacha nyumbani, na eksteno hukuiweka chini ya magunia. Walimpokeaje? Niandikie upesi, hapa kazini wananiuliza kila siku habari za watu wasiowajua.

Mdogo wako,
Zenon


Sumbawanga,
16 Julai 2006

Zenon wangu,

Nimerudi na uzima wangu wote na vumbi la barabara nzima. Mama kacheka aliponiona. Nakala niliichoma kwenye CD nikaiacha nyumbani, eksteno nilisafiri nayo kifuani.

Tulifika ng'ombe wanarudi zizini. Shigela alimwona Cornelia, akasimama na fimbo yake kama mti. Cornelia akapiga magoti mbele ya mzee. "Shikamoo baba. Pole kwa msiba. Sikuambiwa." Mzee Ndalahwa akasema, "Marahaba, mwanangu. Tulidhani hutaki kuambiwa."

Umeme hakuna kule, hata nguzo. Nikaweka laptopu juu ya kinu, nikachomeka vichwa vyote viwili, nikamwomba Mungu na betri. Boma zima likajaa. Alipotokea mama Sayi mzee akainuka: "Taratibu mama, utaanguka!" Watu wakacheka wakifuta machozi. "Rudisha hapo," akasema, na nikarudisha mpaka betri ikanionya. Shigela hakuangalia laptopu. Alimwangalia mkewe.

Waliongea muda mrefu zizini, wawili tu. Sikusikia neno, nilisikia kicheko.

Asubuhi gari likapiga honi. Cornelia alikuwa anakamua, ng'ombe anamkwepa, maziwa yanamwagika, Shigela anamfundisha na kumcheka. Nikaita, "Cornelia! Gari linaondoka!"

Hakugeuka hata kichwa.

"Liende tu, dada!"

Dada yako,
Bertha