Kiraka Chini ya Jipu la Mama Wairimu

Jumatatu, 3 Machi
Leo saa tatu asubuhi, mbele ya kuku wawili wa jirani, nimezindua rasmi mfagio mpya wa gereji hapa Thika. Hotuba hazikuwepo. Nikafagia, nikanywa chai, nikaingia chini ya jipu la Mama Wairimu.

Gari hilo la jipu ni la marehemu mumewe. Mama anakaa Ruiru, na hulitumia kubeba akina mama wa kanisa wakienda kutazama wagonjwa. Chasisi imeoza. Nimeigonga kwa nyundo toka mbele hadi nyuma, nikisikiliza. Chuma kizuri hulia. Hiki kilinyamaza, halafu nyundo ikaingia ndani.

Jumanne, 4 Machi
Nimekata kiraka kikubwa nyuma ya gurudumu la kushoto. Kilichomelewa juu ya kutu, bila hata kuikwangua. Maji yakafungiwa ndani, kutu ikala kwa raha zake. Nikakigeuza. Upande wa ndani, herufi nyekundu: NYAMA CHO.

Bango la butcheri ya Kiganjo. Nililinunua mwenyewe kama chuma chakavu. Kiraka ni changu. Miaka sita iliyopita, mzee wa Mama akiwa hai. Tulikuwa mafundi wawili hapa, mimi na Karis, lakini wiki hiyo Karis alikuwa kwao kwa matanga. Mimi nilikuwa na haraka. Kuchomelea nilijifunza kwa kutazama watu. Pengine nao walikuwa na haraka.

Jumatano, 5 Machi
Mama amekuja kuona. Aliinama, akatazama lile shimo, kisha kile kiraka chenye herufi nyekundu.

"Na huyu aliweka bati ya butcheri ni nani? Si mlikuwa wawili hapa?"

Nafasi ilikuwa hapo, wazi. Nikasema, "Hiyo ni ya Karis, Mama. Mimi nilikuwa wa rangi."

Ilitoka laini kama grisi. Sikujua niko tayari hivyo.

"Karis wa Githurai? Na ndiye tulikuwa tunataka kupea kazi ya kutengeneza geti ya kanisa." Akafuta miwani kwa leso. "Asante. Wewe angalau ni mtu wa ukweli."

Nimerudi chini ya gari. Huko hakuna anayeona uso wa mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwangua mpaka chuma cheupe. Nimefunga vyuma vya kushikilia chasisi isipindwe na moto. Bamba nene la chuma. Nimechomelea kidogo kidogo, huku na huku, nikingoja ipoe. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Sina fahari nayo.

Karis amepiga simu. "Buda, umeskia kitu kunihusu huko kanisani? Mama Wairimu hashiki simu yangu."

Nikamwambia labda ni network.

Huyu ndiye aliyeniazima mashine yake ya kuchomelea mwaka mzima nilipokuwa sina. Network.

Jumamosi, 8 Machi
Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yalikuwa na shida za wakati ule, ujana, hata kifo cha mama yangu, ambacho hakihusiki. Mama Wairimu alipofika nikasema, "Kile kiraka kilikuwa changu. Karis hakuwa Thika."

Aliomba nyundo. Akainama na magoti yake mabaya, akagonga chasisi mwenyewe, toka mbele hadi nyuma, nimesimama hapo kama mwanafunzi. Ililia yote.

"Nimebeba watu na hii gari miaka sita," akasema. "Hiyo naweza kusamehe. Hukuwa unajua kazi. Lakini hii ya Karis ulikuwa unaijua."

Akaondoka. Hakuniita fundi.

Nimempigia Karis, nimemwambia yote. Alicheka kidogo, "Kumbe ni wewe," akakata.

Jumatano, 12 Machi
Hakuna kazi. Karis hashiki simu. Labda ni network.

Jumapili, 16 Machi
Nimeenda Ruiru, kanisa la Mama. Nimekaa benchi la nyuma. Alinisalimia kwa kichwa, kama unavyosalimia mtu wa mita ya maji. Ibada ilikuwa fupi.

Nikitoka nimeona geti jipya. La buluu, nailoni ya duka bado iko kwenye komeo. Nikamuuliza mzee wa kanisa ni fundi gani aliyelitengeneza. Akasema hakuna fundi. Walilinunua likiwa tayari.